Mstari Ubavuni: Desturi ya Watu wa Matanga wa Durban

Katika ghuba ya Durban, meli za makontena hupita jirani kabisa na boti ndogo za matanga. Ng'ambo moja umelala mgongo wa kilima cha Bluff. Ng'ambo ya mji, kando ya barabara ya Margaret Mncadi ambayo zamani ikiitwa Victoria Embankment, ndiko boti hizo zinakofungwa, mlingoti kwa mlingoti. Wenyewe ni jamii yenye mizizi. Chama chao kikongwe, Royal Natal Yacht Club, kilianzishwa mwaka 1858, na Point Yacht Club kikafuata mwaka 1892. Wana msimu wao wa kazi, mafundi wao, chakula chao na adabu zao. Anayetaka kuwajua vizuri na awatazame wanapoirudishia rangi mistari iliyopauka ubavuni mwa boti kuukuu.

Boti ya aina hii huwa na mistari miwili. Wa juu hupita chini kidogo ya ukingo wa sitaha, kutoka omo hadi tezi. Wa chini hukaa juu kidogo ya usawa wa maji, ukiutenga ubavu na rangi ya sumu iliyopakwa chini ili mwani na chaza wasishike. Mistari haiongezi mwendo wa chombo, lakini ina kazi. Wa juu huonyesha umbo alilolikusudia mwundaji. Wa chini humwonyesha nahodha, kwa mtazamo mmoja tu, kama chombo kimelalia upande au kimezidiwa na shehena.

Adui wa mistari ni jua. Boti nyingi za siku hizi ni za faiba, na faiba haiozi kama mbao, kwa hiyo chombo cha miaka arobaini bado husafiri salama kama kimetunzwa. Kinachochoka mapema ni sura yake. Mionzi ya jua huivunja rangi pole pole mpaka uso wake unakuwa kama chaki, na ukipitisha kidole kinatoka na unga. Nyekundu huishia waridi, buluu iliyokoza huishia kijivu. Tena Durban iko kusini sana, na mwaka mzima jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Boti inayofungwa gatini vilevile kila siku hupauka ubavu mmoja kabla ya mwingine, na wazee wa gatini huweza kukuambia boti ilikuwa ikilala imeelekea wapi.

Kazi hii ina majira yake. Kuanzia Desemba hadi Februari Durban huwa na joto, unyevu na mvua za ghafla, na rangi ikipakwa katika hewa ya namna hiyo hupoteza mng'ao. Kipupwe cha Juni hadi Agosti ni kikavu na kitulivu zaidi, na ndipo boti nyingi hupandishwa nchi kavu. Hata hapo saa huchaguliwa. Huanzi mpaka umande ukauke, na humalizi jioni, maana umande wa usiku ukiikuta rangi mbichi huiharibu.

Anayesimamishiwa boti yake juu ya magogo kwanza huiosha kwa maji baridi na sabuni ili chumvi yote itoke. Kisha huondoa nta na mafuta kwa kitambaa chenye tina, na hili hufanywa kabla ya msasa, kwa sababu msasa ukitangulia huyasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo na rangi haitashika. Wakati mwingine kung'arisha peke yake kunatosha, rangi ya zamani ikafufuka chini ya ule unga. Ikishindikana, hupigwa msasa laini, mashimo yakazibwa, tepu ya karatasi ikavutwa juu na chini ya mstari, halafu rangi ikapakwa mikono miwili au mitatu myembamba. Tepu hung'olewa kabla rangi haijakauka kabisa, la sivyo ukingo hutoka na meno.

Kuvuta tepu ndiko kunakomtenga fundi na mgeni wa kazi. Ubavu wa boti umepinda, na mstari uliopimwa kwa rula kwa upana mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho utaonekana umekonda pale ubavu unapolala kuelekea tezi. Kwa hiyo upana huongezwa pole pole sehemu hizo ili mtu aliye majini auone uko sawa. Hapo ndipo majirani huitwa. Mmoja hushika tepu, mwingine huibana kwa kidole gumba, na yule mwenye umri hurudi nyuma hatua nyingi, akafumba jicho moja na kutoa hukumu. Akisema ishushwe, hushushwa. Mwenye boti habishani naye, awe tajiri namna gani.

Msaada huo hulipwa kwa msaada: aliyeshikiwa tepu leo kesho atamshikia mwenzake. Mchana huliwa bunny chow, chakula cha Wahindi wa Durban ambacho mji mzima umekifanya chake: kipande cha mkate uliotolewa sehemu laini ya ndani ukajazwa mchuzi wa viungo. Watoto hupewa msasa na sehemu isiyoonekana sana wajifunzie. Hivyo ndivyo ujuzi unavyorithiwa, kwa mkono.

Wageni nao huingizwa katika desturi hii. Mwisho wa mwaka huingia mashua za mabaharia wanaoizunguka dunia, kutoka Mauritius, Réunion na Madagaska. Hapa husubiri hali nzuri ya hewa, kwa sababu mkondo wa Agulhas hutiririka kusini-magharibi, na upepo mkali ukivuma kuukabili, mawimbi husimama kama kuta. Wanaposubiri, hutengeneza. Novemba 1897 alifika hivyo Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa tanga akiwa peke yake. Chombo chake, Spray, kilikuwa gofu alilolikuta limetelekezwa kondeni huko Fairhaven, Marekani, akalijenga upya karibu ubao kwa ubao. Durban ilipokea gwiji wa bahari aliyefika kwa chombo kikuukuu kilichotunzwa.

Msomaji wa Lamu au Unguja hataona ugeni hapa. Kwetu jahazi huvutwa pwani maji yakitoka, tumbo lake huchomwa kwa moto wa makuti ili wadudu watoboao mbao wafe, likapakwa deheni ya chokaa na mafuta, na mbao za juu zikapakwa sifa, yaani mafuta ya samaki. Jahazi la Lamu hupewa na macho ubavuni mwa omo, duara la mbao lililotiwa rangi, na jicho lililofifia halivumiliwi. Huko nako kazi ni ya wengi, na mwenye umri ndiye mwenye neno.

Lakini tofauti moja lazima isemwe. Majahazi ya mwambao wetu hayakufanywa mali ya rangi moja ya watu. Boti za matanga za Durban zilifanywa hivyo. Kuanzia mwaka 1873 mamia ya watumwa walioachwa huru, wengi wao Wamakua, waliletwa huko kutoka Zanzibar, na kizazi chao, Waislamu waitwao Wazanzibari hadi leo, kiliishi King's Rest, pale pale Bluff, juu ya ghuba. Sheria ya ubaguzi wa rangi ya mwaka 1950, iitwayo Sheria ya Maeneo ya Makundi, ikawang'oa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakahamishiwa Chatsworth, mbali na maji. Enzi hiyo mtu mweusi aliweza kupiga msasa boti ya mzungu, lakini kwa kawaida si kuongoza ya kwake.

Ndiyo maana boti kuukuu ni jambo la maana leo. Boti mpya ni ya wachache. Ya miaka arobaini, iliyopauka na kudharauliwa, inaweza kununuliwa na mwalimu au na kikundi cha vijana, ikarudi majini kwa jasho lao. Taasisi kama Sail Africa zimekuwa zikiwafundisha watoto wa mitaa ya Durban kuongoza matanga, na hilo ni jema. Wapewe pia msasa na tepu, wasimame karibu na mzee anayefumba jicho moja. Nasi wa Lamu, Pemba na Tanga, ambao tuna deheni na macho ya majahazi, tusingoje watalii watukumbushe thamani yake. Mzee fundi akiwa bado hai, mpeleke mwanao akamshikie brashi.