Njia za Miguu Cherangani: Kabla ya Kikundi Kuanza Kutembeza Wageni

Siku hizi vijana wengi katika vikundi vyetu vya Kesses wanazungumza habari ya kutembeza wageni kwa miguu. Wazo ni zuri. Wanariadha wameshaleta wageni wengi Iten, na ukitoka Iten unaweza kupita Kapsowar ukafika milima ya Cherangani. Lakini nimesikia wengine wakisema kwamba huko juu hakuna kitu, ni vichaka tu. Basi tuanze na hivyo vichaka.

Sisi tumezoea mahindi, ngano na ng'ombe wa maziwa. Ukipanda Cherangani unapita mashamba ya viazi, halafu msitu na mianzi, na ukikaribia meta 3,000 miti mikubwa inaanza kupungua. Unaingia uwanda wa nyasi ngumu na vichaka vyenye majani madogo kama sindano. Wataalamu wanaviita erika. Vingine vimekuwa miti kabisa, na vimening'inia ndevu za kijivu. Hizo ndevu si ugonjwa, zinaishi kwa unyevu wa ukungu. Kuna pia mmea mmoja wa jamii ya senesio, wenye kichwa cha majani mapana kama kabeji, ambao haupatikani mahali pengine duniani isipokuwa Cherangani. Usiku huko kuna sakitu, mchana jua kali. Kwa sababu hiyo mimea hukua polepole sana. Mgeni akivunja senesio ili apige picha, pengine ni mjukuu wako atakayeona nyingine ya kimo hicho.

Chini ya vichaka, hasa penye majimaji, kuna udongo mweusi. Ukiukanyaga unabonyea kama godoro. Huo ndio unaokunywa mvua na kuiachilia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Maji ya upande wa magharibi yanaenda mto Nzoia mpaka ziwa Victoria, ya mashariki yanaenda Kerio na ziwa Turkana. Mto Moiben unatoka milima hiyo hiyo. Maji yake yanazuiwa katika bwawa la Chebara, halafu yanaletwa kwa mabomba hadi Eldoret. Kwa hivyo mtu wa Eldoret akifungua mfereji, anakunywa maji ya vile vichaka "tu".

Sasa fikirieni miguu. Mchungaji mmoja akipita hapo haharibu kitu. Lakini watu ishirini wakipita kila Jumamosi, nyasi zinakufa na matope yanaanza. Wale wanaofuata hawataki kuchafua viatu, wanapita kando. Wiki ijayo kando nako ni matope, na njia inazidi kupanuka. Mvua ikija, maji yanafuata njia hiyo, yanachimba mfereji, na ule udongo mweusi unaondoka nayo. Kwa hivyo msichague njia inayoshuka moja kwa moja, hata kama ni fupi. Ipindepinde. Pangeni mawe kwa mshazari ili yatoe maji kando kabla hayajapata nguvu. Penye majimaji wekeni mawe ya kukanyagia, na mgeni aambiwe mapema aje na viatu vya mpira, watu wapite mmoja nyuma ya mwingine.

Kuna jambo zito kuliko matope. Milima hiyo ina wenyewe. Wasengwer wanasema msitu wa Embobut ni nyumbani kwao tangu mababu, ilhali serikali inauhesabu kuwa msitu wa umma. Mwaka wa 2014 watu walifukuzwa na nyumba zao zikachomwa. Januari 2018 Msengwer mmoja alipigwa risasi akafa, na Umoja wa Ulaya ukasimamisha msaada wake kwa mradi wa kuhifadhi vyanzo vya maji. Kwa maoni yangu si haki kikundi kutoka Kesses kuuza matembezi mahali ambapo mwenyeji amekatazwa kujenga kibanda. Ongeeni na wenyeji kwanza, na kiongozi wa njia awe wa huko huko, alipwe siku hiyo hiyo.

Kwa upande wa sheria, cheti cha kikundi cha kujisaidia hakitoshi. Sheria ya misitu ya mwaka wa 2016 inataka wananchi wawe na chama cha misitu cha jamii, nacho kifanye mapatano na Shirika la Misitu. Utalii wa kuhifadhi mazingira umo kati ya haki zinazoweza kuombwa. Huwa inachukua muda, kwa hivyo msikope pesa za hema leo.

Nendeni kwanza nyinyi wenyewe, watu sita hivi, mwezi wa Januari au Februari wakati mvua ni chache, mkaonane na wazee. Bebeni sweta, koti la mvua na chakula kilichopikwa nyumbani. Msiwashe moto kule juu, kwa maana erika inashika haraka hata ikiwa bado ya kijani.