Kuosha hakutoshi: Jihadhari na sumukuvu kwenye nafaka



Ndugu msomaji, kila msimu wa mavuno unapofika hapa kwetu Mtwara, akina mama wanaoleta watoto kliniki huniuliza swali lile lile: "Daktari, mahindi yangu yameota ukungu kidogo. Nikiyaosha, nikayaanika tena juani, kisha nikasaga unga wa uji wa mtoto, yatafaa?"

Jibu ni kwamba hayafai, na nitaeleza sababu.

Sote tuliopita madrasa tumesoma mlango wa tahara. Tumefundishwa kuwa najisi huondoka inapoondoka dhati yake, pamoja na rangi, harufu na ladha yake. Kwa mazoea hayo, mtu akiosha mahindi yakarudi kuwa meupe huona yameshakuwa salama. Lakini tunachozungumzia leo si najisi, ni sumu. Nayo haina rangi ya kuonekana kwa macho, haina harufu wala ladha. Kwa hiyo kipimo cha macho, pua na ulimi hapa hakifanyi kazi.

SUMUKUVU NI NINI?

Kuvu ni ule ukungu wa kijani, wa njano, mweupe au mweusi unaoota kwenye nafaka. Baadhi ya kuvu hutoa sumu zinapokua, na sumu hizo ndizo zinazoitwa sumukuvu. Mbaya kuliko zote ni aflatoksini, inayopenda zaidi mahindi na karanga, ingawa hupatikana pia kwenye mtama na makopa ya muhogo. Ukiufuta ukungu, sumu iliyokwisha kuingia ndani ya punje hubaki. Na moto wa kupikia ugali au uji hautoshi kuiangamiza.

Mwaka 2016 nchi yetu ilipata msiba. Katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu walianza kuumwa tumbo, kutapika na kuwa na macho ya njano. Mwanzoni ulidhaniwa kuwa ni ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ulipofanyika ikabainika kuwa ni aflatoksini iliyokuwa kwenye mahindi yao wenyewe. Waliougua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Kabla ya hapo, mwaka 2004, wenzetu wa mashariki mwa Kenya waliugua 317 na kufariki 125, sababu ikiwa ni hiyo hiyo.

Huyo ni muuaji wa haraka. Yupo na wa polepole. Anayekula sumu kidogo kidogo kwa miaka mingi anaweza kupata saratani ya ini, na hatari huongezeka sana kwa mwenye virusi vya homa ya ini B. Ndiyo maana tunasisitiza mtoto akamilishe chanjo zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwani kinga ya homa ya ini B imo humo. Watoto wanaokula sumu hii pia wameonekana kuwa na tatizo la kudumaa. Mama anayechanganya mahindi na karanga mbovu katika uji wa lishe anaweza kumdhuru mwanawe huku akidhani anamjenga.

KWETU PWANI

Kuvu hutaka vitu viwili: joto na unyevu. Sisi tunavyo vyote. Kuanzia Msimbati hadi Mahurunga, Kilambo na Kitaya kwenye bonde la Mto Ruvuma, hewa ina unyevunyevu wa bahari na mto, na usiku kuna umande. Mahindi yakianikwa chini kwenye udongo, au yakitiwa kwenye gunia kabla hayajakauka, kuvu hupata makazi.

Basi fanya haya:

1. Vuna mara mahindi yanapokomaa. Usiyaache shambani yanyeshewe.

2. Anika juu ya turubai, mkeka au kichanja, si juu ya udongo. Jioni yafunike au yaingize ndani.

3. Pima ukavu kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia punje kiasi cha theluthi moja na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa vizuri, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Isipoganda, ongeza tena siku ya jua ndipo uhifadhi.

4. Usipure kwa fimbo hadi punje zikavunjika. Punje iliyovunjika au kutobolewa na dumuzi ni mlango wa kuvu.

5. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pasipovuja.

6. Kabla ya kusaga, chambua. Ondoa punje zilizooza, zilizobadilika rangi na zilizosinyaa. Kukoboa nako hupunguza sumu, kwa kuwa sehemu kubwa hukaa kwenye ganda na kiini. Kwa sababu hiyo hiyo, pumba za mahindi mabovu zisipewe mifugo. Sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa.

Ukiona macho ya njano, tumbo kujaa au miguu kuvimba, wahi hospitali. Usipoteze muda kwa kudhani ni husda au jini.

TUSIFICHE GUNIA LILILOLOWA

Ndugu yangu, najua kutupa chakula ni kuzito, hasa kwa aliyelima kwa jembe la mkono. Shetani hupitia hapo. Atakwambia: changanya na mazima, uza sokoni. Au: toa sadaka, maskini hachagui.

Tukumbuke hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim. Mtume (SAW) alipita penye rundo la nafaka sokoni, akaingiza mkono, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu iliyolowa ili watu waione, na akaonya kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Leo tunajua kuwa ndani ya unyevu ule, licha ya hasara ya mnunuzi, panaweza kuwa na mauti yake.

Na pishi ya zakatul-fitri itoke kwenye nafaka ambayo wewe mwenyewe ungemlisha mwanao. Iliyoota ukungu ichimbie shimo uifukie, na utarajie badali kutoka kwa Mola wako.

Allah (SW) ametuamrisha kula kilicho halali na kilicho kizuri. Mahindi ya shamba lako ni halali. Kuyafanya yawe mazuri ni kazi ya mikono yako, tangu kwenye turubai hadi chunguni.

Wabillahi tawfiq.