Je, Wajua? Sindano ya homoni na mbegu za kiume

Mwanamume anayechomwa sindano za testosteroni anaweza kuishiwa mbegu. Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu, huacha kuziamuru korodani zifanye kazi. Shirika la Afya Duniani liliwahi hata kuzijaribu sindano hizo kama uzazi wa mpango wa wanaume. Ili korodani zisilale, wengine huongezewa hCG, homoni ileile inayosakwa na kile kijiti cha kupima mimba kinachouzwa katika maduka ya dawa Moshi, nayo huziamsha korodani moja kwa moja. Wapo wasemao mbegu hurudi testosteroni ikiachwa. Kwa wengi hurudi, ila baada ya miezi, pengine zaidi ya mwaka. Anayetaka mtoto azungumze na daktari, pale hospitali ya KCMC kwa mfano, kabla ya sindano ya kwanza. Aliyemaliza kuzaa, sioni kwa nini aongeze gharama ya hCG.