Mwana anapochagua ufundi badala ya chuo kikuu

 

Ndugu msomaji, kila matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, mjadala mmoja huzuka katika nyumba nyingi za Waislamu, kuanzia Mwanjelwa na Soweto jijini Mbeya hadi Kihesa na Ipogolo mjini Iringa. Kijana amefaulu na anaweza kupata nafasi ya chuo kikuu, lakini yeye anasema moyo wake uko kwenye ufundi. Anataka kukaa chini ya fundi magari, seremala au fundi umeme ajifunze kazi. Baba hununa, mama huhuzunika, na majirani huuliza mtoto huyu amepatwa na nini.

Huzuni ya wazazi hao si ya kubezwa. Waislamu wa nchi hii wamelalamika kwa miaka mingi juu ya uchache wa vijana wao katika elimu ya juu, na Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilipoanza mwaka 2005, wengi waliona kilio chao kimesikika. Mzazi aliyeuza mahindi na viazi ili kulipa ada ana haki ya kuuliza kama jasho lake limepotea. Wala hatuna ubishi kwamba umma unahitaji madaktari, wahandisi na wanasheria. Makala hii haikusudii kushindanisha kalamu na nyundo. Inakusudia kusema jambo moja: ufundi ni njia ya heshima, lakini kwa sharti kwamba uingiwe kwa nia na kwa makubaliano, na usiwe jalala la kumtupia kijana tuliyemkatia tamaa.

Tuanze na heshima yake. Nabii Nuhu (AS) aliunda jahazi, Nabii Daudi (AS) alifua deraya za chuma, na Nabii Zakaria (AS) alikuwa seremala. Imam Ghazali, katika kitabu chake cha Ihyaa, alizihesabu kazi kama kilimo, ufumaji na ushonaji kuwa ni katika faradhi za kutosheleza, ambazo jamii nzima hupata dhambi zikikosa mtu wa kuzifanya. Nasi tulio katika madhehebu ya Shafii tunamjua Imam al-Qaffal al-Marwazi, aliyefariki mwaka 417 Hijria. Jina lake lenyewe lamaanisha fundi wa kufuli. Alifanya kazi hiyo mpaka alipokaribia umri wa miaka thelathini, ndipo akageukia fiqhi na kuwa mmoja wa wanazuoni wakubwa wa madhehebu. Mikono yake haikumfungia mlango wa elimu.

Katika Nyanda zetu za Juu Kusini ushahidi hauko mbali. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na kupita Makambako, Mbeya na Tunduma, iliwafunza vijana wengi kazi wakiwa kazini, bega kwa bega na mafundi wa Kichina. Wilayani Mufindi, msitu wa kupandwa wa Sao Hill, ulio mkubwa kuliko yote ya aina yake nchini, unalisha viwanda vya mbao, na mbao zinahitaji maseremala. Barabara kuu ya kwenda Zambia haikosi malori usiku na mchana, na malori hayo huharibika. Chuo cha Ufundi Mbeya, kilichoanzishwa mwaka 1986, kikawa taasisi ya sayansi na teknolojia mwaka 2005, na mwaka 2012 kikapanda kuwa chuo kikuu. Ni fahari yetu sote, lakini tusije tukadhani kwamba chuo kikipanda daraja, fundi naye ameshuka.

Hata hivyo, lazima tuseme ukweli. Wapo vijana waliokaa gereji miaka mitatu wakifagia, wakitumwa chai na kuosha vipuri, pasipo kufundishwa kufungua injini. Hawana posho, hawana cheti, na siku wakiuliza huambiwa wavumilie. Huo si uanagenzi. Ni dhuluma, na mzazi aliyemwacha mwanawe hapo bila ya kuuliza ana sehemu yake katika dhuluma hiyo.

Dawa yake tunaisoma katika Sura al-Qasas. Nabii Musa (AS) alipofika Madyan akiwa mkimbizi, binti wa mzee wa pale alimshauri baba yake amwajiri, kwa kuwa alikuwa na nguvu na uaminifu. Mzee akataja muda, yaani miaka minane, na kama Musa angetimiza kumi, hiyo ingekuwa hiari yake. Akataja malipo, nayo yalikuwa ndoa. Akaahidi kwamba hatamtaabisha. Musa akakubali, na Mwenyezi Mungu akawa shahidi wao. Hapo pana muda, malipo, ahadi ya kutomdhulumu kijana, na shahidi. Mzazi aende kwa fundi na mambo hayo manne, na yaandikwe.

Aongeze mengine ya zama zetu: kijana atafundishwa nini kila mwaka, atapewa miwani ya kukinga macho wakati wa kuchomelea, na ataruhusiwa kwenda kuswali Ijumaa. Ujerumani, nchi inayosifika kwa mafundi wake, humfunga mwanagenzi na mwajiri kwa mkataba ulioandikwa, humlipa posho, na hugawa siku zake kati ya karakana na darasa.

Cheti nacho kisisahauliwe. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 na yenye vyuo Mbeya na Iringa, huwapima na kuwatunuku vyeti hata waliojifunza kazi nje ya darasa. Mwenye cheti cha ufundi cha ngazi ya tatu, akitimiza vigezo, anaweza kuendelea na vyuo vya kati hadi stashahada, kisha shahada. Kwa hiyo anayeanza na ufundi hajakifunga chuo kikuu. Amekiahirisha tu.

Wala kijana asiukimbilie ufundi kwa sababu isiyo ya kweli. Wako waliouogopa mkopo wa elimu ya juu kwa ajili ya tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, iliyowatia shaka ya riba. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Anayechagua karakana achague kwa kuwa anaipenda kazi na anaiweza.

Mwisho, tujitazame wenyewe. Tunamsifu fundi anapotutengenezea gari, lakini akileta posa tunauliza ana shahada gani. Jamii inayomnyima fundi binti yake isishangae vijana wake wakiukimbia ufundi. Kama tunataka waje kwa moyo mkunjufu, wawe wavulana au mabinti, basi tuwape heshima kabla ya kuwapa nyundo.

Mwenyezi Mungu awape watoto wetu elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Wabillahi tawfiq.