Fahamu: Namna sheria ya jimbo inavyoweza kuuhifadhi moyo
Maradhi ya moyo na kiharusi, ambayo wengi huyadhania kuwa ni kadari au taksiri ya mgonjwa peke yake, yana sababu nyingine zilizomo katika mamlaka ya watunga sheria. Mjini Helena, jimboni Montana, Marekani, uvutaji wa sigara ulipopigwa marufuku maofisini na mikahawani mwaka 2002, waliolazwa kwa shtuko la moyo katika miezi 6 walikuwa 24, ilhali wastani wa miezi kama hiyo katika miaka ya kabla na baada ulikuwa 40. Na mahakama ilipoisimamisha amri hiyo, idadi ikapanda tena. Jimbo lenyewe lilipitisha sheria mwaka 2005, iliyozifikia baa mwaka 2009. Kwa hiyo watetezi wa afya, pamoja na kumnasihi mvutaji, hawana budi kumkabili mbunge.