Nilivyobadilisha plastiki za gari la mzee nikiwa kwa ploti, na kioo cha Sh800 nilichokataa

MAMA aliyetaka kununua gari la mzee wangu hakufungua hata boneti. Alilizunguka mara moja, akasimama kando ya gurudumu la mbele la kulia, akavuta kwa vidole viwili ile plastiki nyeusi iliyokuwa ikining'inia, kisha akanitazama kwa huruma.

“Kijana wangu, hii gari imechoka,” akasema. “Nitakupa 230,000.”

Sisi tulikuwa tumetangaza Sh280,000. Nilijaribu kumweleza kwamba injini iko sawa, kwamba mzee alikuwa akibadilisha oili bila kukosa. Akatabasamu tu. “Nitarudi Jumamosi ijayo. Ukipata mwingine kabla ya hapo, muuzie.”

Gari lenyewe ni Toyota Corolla, ile inayojulikana huku kwetu kama ‘110’, iliyoundwa kati ya katikati ya miaka ya tisini na 2000. Mzee ni mwalimu mstaafu. Alikuwa ameniachia nimtafutie mnunuzi hapa Nairobi ili dada yangu mdogo alipiwe karo ya chuo. Kila elfu iliyopungua kwenye bei ilikuwa inatoka kwenye karo hiyo.

Baada ya mama kuondoka nilichuchumaa nikalikagua gari kama mgeni. Kasoro zilikuwa tatu, zote za plastiki. Kinga inayokaa ndani ya madigadi, juu ya tairi, ilikuwa imeraruka. Ukanda mweusi wa mlango wa mbele ulikuwa umebanduka upande mmoja. Ganda la kioo cha pembeni lilikuwa limepasuka tangu boda boda ilipoligonga.

Fundi wa karibu aliniambia zote tatu zingenigharimu Sh11,000. Sikuwa nazo. Nilikuwa na wiki moja, spana namba 10, bisibisi mbili na mwiko wa kusongea ugali.

Kwanza ujue kwa nini plastiki hizi hufa. Adui mkubwa ni jua. Miale yake huivunja plastiki polepole, ndiyo maana nyeusi hugeuka kijivu, kisha hukauka na kuwa kama biskuti. Gari la miaka 25 limekaa juani sana. Matuta na mashimo ya barabara zetu humalizia kazi hiyo.

Pili, ujue unashika plastiki ya aina gani. Ukigeuza kipande upande wa ndani, mara nyingi utaona herufi zilizopigwa chapa kati ya mishale miwili. >PP< ni polipropilini, na hiyo ndiyo hutumika sana kwenye bampa na kinga. Gundi ya kawaida ya dukani haishiki vizuri kwenye polipropilini. Ndiyo maana wengi hupaka gundi leo na kesho kipande kimeanguka, na ndiyo maana mafundi wa jua kali huamua kushona bampa kwa waya au kuichomelea kwa chuma cha moto. >ABS< ni nyingine, hiyo hukubali gundi. Kinga yangu ilikuwa PP na imeraruka vipande viwili. Haikuwa ya kutibiwa, ilikuwa ya kubadilishwa.

Nilianza na kinga hiyo. Niliegesha gari mahali tambarare, nikavuta breki ya mkono, nikaweka mawe nyuma ya matairi. Si lazima uinue gari. Ukigeuza usukani hadi mwisho, gurudumu linakupisha na unaweza kuingiza mkono. Ukilazimika kuinua, usiingize hata kichwa chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Jeki huteleza, na hakuna plastiki yenye thamani ya maisha yako.

Siri ya kazi hii yote ni klipu. Hizo ndizo vifungo vidogo vya plastiki vinavyoshikilia kinga na bampa. Zingine zina alama ya msalaba katikati kama skrubu. Hizo unazungusha kwa bisibisi ya nyota hadi msumari wake upande, kisha unavuta klipu nzima. Zingine hazina alama. Kati ya hizo, kuna ambazo msumari wake unauinua kwa bisibisi bapa, na kuna ambazo unaudidimiza kidogo katikati hadi usikie ‘tik’, klipu ikalegea. Hapa ndipo vijana wengi tunaharibu. Tunavuta kwa nguvu, klipu inabaki na plastiki inapasuka.

Mimi mwenyewe nilivunja mbili za kwanza. Nilianza saa kumi na mbili asubuhi na kibaridi, nikasahau kwamba plastiki kuukuu ikiwa baridi huvunjika upesi. Niliacha, nikanywa chai, nikarudi saa sita mchana jua likiwa limeipasha moto. Zilizobaki zilitoka bila ugomvi.

Piga picha kabla ya kutoa chochote. Mimi nilipanga skrubu na klipu kwenye trei ya mayai, kila shimo na mahali pake nikaandika kwa kalamu. Kisha nilichukua klipu moja nzima nikaenda nayo dukani, kwa sababu zinatofautiana unene na urefu, na ile ya Toyota haiingii kila gari. Nilinunua 12 kwa Sh20 kila moja. Kinga ya mtumba, iliyotoka Japani, nilipata kwa Sh1,200.

Usidhani kinga hiyo ni pambo. Huzuia matope, maji na mawe yanayorushwa na tairi yasifike kwenye nyaya na mikanda ya injini. Ikining'inia, unapokata kona inasugua tairi, na ukiwa kwa kasi inaweza kung'oka barabarani. Yule mama hakukosea kuishika kwanza.

Jioni hiyo nikahamia kwa ukanda wa mlango. Ukanda huu haushikwi na klipu bali na tepu ya pande mbili. Niliazima draya ya nywele kwa jirani anayesuka, nikapasha moto ukanda hadi gundi ikalainika, nikaukata polepole nyuma yake kwa uzi wa kuvulia samaki. Kwa kuchokonoa ncha nilitumia mpini wa mwiko uliofungwa kitambaa, maana bisibisi ingekwaruza rangi.

Chini yake nilikuta kutu, doa la ukubwa wa sarafu ya Sh10. Ningeweza kubandika ukanda juu yake na hakuna ambaye angejua. Lakini tepu haishiki kwenye kutu, na kutu iliyofunikwa huendelea kula bati. Niliisugua kwa msasa hadi bati safi, nikapaka rangi ya msingi, kisha rangi ya gari, nikaacha ikauke vizuri. Halafu nikasafisha mlango na ukanda kwa spiriti, nikabandika tepu mpya, nikakandamiza kwa kiganja kutoka upande mmoja hadi mwingine. Tepu nzuri ya aina hii huhitaji kama saa 72 kufikia nguvu yake yote. Kwa hivyo sikuosha gari kwa siku tatu.

Kilibaki kioo cha pembeni, na hapo ndipo nilipojaribiwa.

Mwenye duka aliniambia kioo kizima ni Sh2,500. Jioni jamaa mmoja niliyeelekezwa kwake na rafiki akanipigia: “Brathe, mimi niko nacho. Leta 800 tu.” Tulikutana stejini. Akakitoa kwenye karatasi ya nailoni. Kilikuwa safi kuliko hata cha upande wa pili wa gari letu.

Nikakigeuza. Pembeni mwa ganda palikuwa pamekwaruzwa kwa msasa, lakini herufi K na namba moja bado zilionekana. Dereva yeyote wa Nairobi anajua maana yake. Wengi wetu huchonga namba za usajili kwenye vioo na taa kwa sababu ya wizi. Hicho kioo kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakukiuza.

Nakiri kwamba nilisimama pale kwa muda nikipiga hesabu. Sh1,700 ni nauli ya siku nyingi. Kisha nikamkumbuka jirani yetu dereva wa teksi, aliyeamka siku moja akakuta vioo vyote viwili vimeenda. Alikaa siku mbili bila kazi, na watoto wake wanacheza na wa ploti yetu. Vile vioo vyake pia kuna mtu alivinunua kwa bei poa. Isitoshe, Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi anaweza kufungwa hadi miaka 14. Nilimrudishia kioo chake. Akaniita mshamba, akapanda boda boda akaenda.

Kesho yake nilinunua kile cha Sh2,500 na nikadai risiti. Kukifunga kulichukua nusu saa. Ndani ya mlango kuna kifuniko kidogo cha pembetatu. Ukikitoa unakuta skrubu tatu. Shika kioo kwa mkono mmoja unapofungua ya mwisho, la sivyo kitaanguka.

Ukijumlisha klipu, kinga, tepu, spiriti, msasa na rangi, pamoja na kioo, nilitumia Sh4,940.

Si kila kazi ya aina hii ni ya kufanyia nyumbani. Kama gari liligongwa na chuma kilicho nyuma ya bampa kimepinda, au kuna waya za sensa na mifuko ya hewa, mpe fundi anayeelewa. Plastiki mpya juu ya chuma kilichopinda ni kujidanganya.

Jumamosi mama alirudi. Alienda moja kwa moja kwa gurudumu la kulia, akavuta kinga. Haikusonga.

“Umebadilisha?”

“Ndiyo, mama. Hiyo ni mtumba, na hicho kioo pia. Risiti ya kioo hii hapa. Na hapa chini ya ukanda wa mlango palikuwa na kutu, nimeisugua nikapaka rangi. Picha ninazo kwa simu.”

Alizitazama picha moja baada ya nyingine. “Hiyo kutu nisingeiona,” akasema.

“Najua, mama.”

Akanyamaza kidogo. “Haya, fungua boneti.”

Tulijadiliana karibu saa nzima. Alilalamikia matairi, akalalamikia redio, lakini neno ‘imechoka’ sikulisikia tena. Tulikubaliana Sh265,000. Jumatatu mzee alituma karo, na dada yangu akaripoti chuoni akiwa na wenzake.