Ardhi ya Serikali kwa Waliorejea Gisenyi

Mkataba wa Arusha wa 1993 uliwashauri wakimbizi waliotoka Rwanda zaidi ya miaka 10 nyuma wasidai mashamba yaliyokwisha kaliwa na wengine. Serikali ndiyo ingewapatia ardhi. Ahadi njema, lakini karibu na Gisenyi ardhi tupu ilikuwa wapi? Baada ya 1994 wengi waliotoka Masisi na ng'ombe wao waliishia msitu wa Gishwati. Miti ikafyekwa, milima ikabaki wazi, na Septemba 2007 mafuriko yakaikumba Bigogwe. Baadaye familia nyingi zikahamishwa. Askari anayesimamia uhamisho wa namna hiyo afahamu kwamba miongoni mwa wahamishwao wamo waliogawiwa ardhi na mamlaka yenyewe. Hao si wavamizi.